Wakristo wa Mto Tana na Swali la Utatu

Msikilizaji, nakusalimu popote unaponisikia: Ngao chini ya miembe, Garsen dukani, Minjila penye njia panda, au kule Kipini mto unapokutana na bahari. Mkristo mwenzangu, nakuamkia kwa jina la Bwana. Na wewe ndugu yangu Mwislamu, asalaam aleikum. Nawataja wote wawili kwa makusudi, maana mazungumzo ya leo yanawahusu wote wawili.

Jumapili inayofuata Pentekoste, Wakatoliki, Waanglikana na sisi Wamethodisti huiita Jumapili ya Utatu. Wahubiri wengi wanaiogopa. Wengine siku hiyo humwachia mgeni mimbari, wengine huhubiri habari ya mavuno. Waumini hurudi nyumbani wakiwa wamemkiri Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kwa midomo, lakini ukimsimamisha mmoja njiani ukamwuliza amekiri nini, anatazama chini. Jambo hili linaniuma. Pengine mahali pengine lingevumilika. Hapa kwetu halivumiliki, kwa sababu hapa swali la Utatu haliulizwi na mwalimu wa chuo cha theolojia. Linaulizwa na mjomba.

Kila mtu wa mto huu anajua ninachosema. Wapokomo wa chini wengi wetu ni Wakristo. Wapokomo wa juu, kuelekea Hola na kupita, wengi ni Waislamu. Na bado tunaitana ndugu, tunaoana, tunazikana. Waorma na Wardei tunaonunuliana nao maziwa na mchele ni Waislamu. Katika matanga ya mtu mmoja utamkuta shangazi aliyetoka kanisani na shangazi aliyetoka kuswali, wote wanalia marehemu mmoja. Basi jioni, watu wameshakula, mmoja anauliza bila ubaya wowote: "Hivi nyinyi mnaabudu miungu wangapi?" Mkristo anababaika. Anasema ni fumbo. Anasema mchungaji ndiye anayejua. Akishasema hivyo, yule aliyeuliza anaondoka akiamini kuwa Wakristo wana miungu watatu, na wanaona haya kusema.

Jibu la swali lile ni fupi, na Mkristo yeyote anaweza kulitoa kabla kahawa haijapoa. Mungu ni mmoja.

Na alitoe akimaanisha, asilitoe kwa kujihami. Torati inalisema katika Kumbukumbu 6:4, na Wayahudi wanalikariri mpaka leo asubuhi na jioni. Yesu alipoulizwa na mwandishi amri iliyo kuu, Marko 12, alianza palepale, kwenye umoja wa Mungu, ndipo akaja kwenye kumpenda Mungu na jirani. Mkristo anayedhani kuwa imani ya Mungu mmoja ni mali ya Waislamu, na kwamba yeye kazi yake ni kutetea watatu, huyo hajaielewa dini yake. Kanisa lilimlaani mtu wa miungu watatu karne nyingi kabla jirani hajatuuliza.

Tena yako mambo ambayo watu wanadhani tunayaamini na sisi hatuyaamini, nami nataka kuyasema wazi hewani. Kanisa halifundishi kwamba Mungu alioa. Halifundishi kwamba Mungu alimzaa mtoto kama wazazi wanavyozaa. Halifundishi kwamba Mariamu ni mmoja wa watatu. Kurani, katika Sura ya 5, Al-Maida, inakataa kwamba Isa na mama yake wafanywe miungu wawili badala ya Mungu, na katika Sura ya 112 inakataa kwamba Mungu amezaa au amezaliwa. Mwislamu anapozisoma aya hizo anadhani zinatuvunjia nyumba. Namwambia: ndugu yangu, mtu akija Ngao kesho akihubiri kwamba Mungu ana mke, au kwamba Mariamu ni mungu, sisi wenyewe tutamteremsha mimbarini. Tunapomwita Yesu Mwana, tunasema habari ya uhusiano usio na mwanzo, usio na mwili, usio na mwanamke, kati ya Baba na Neno lake. Hapo tofauti yetu na nyinyi bado ipo, na ni kubwa, sitaki kuifunika. Ila tutofautiane kwa jambo tunaloliamini kweli.

Sasa jambo lenyewe la Utatu lilitoka wapi? Halikutoka kwenye hesabu. Hakuna mzee aliyekaa akapiga bao akapata tatu sawasawa na moja. Lilitoka kwa watu fulani, Wayahudi waliokariri umoja wa Mungu tangu utotoni, waliokutana na Yesu wa Nazareti na hawakuweza tena kuomba kama walivyoomba zamani.

Ili tuone walichokutana nacho, hebu turudi kwenye mto wetu kidogo. Wamisionari wa kwanza waliofika huku hawakuwa wametufuata sisi Wapokomo. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, macho yake yalikuwa kwa Waoromo, ambao enzi hizo waliitwa Wagalla. Thomas Wakefield naye, aliyefika pwani mwaka 1862 akatumikia Ribe, aliwatafuta hao hao, na ndiyo sababu misheni ya Methodisti ikafika Golbanti. Waorma, ambao ni wa Waoromo hao hao, tangu zamani walimwomba Waaq, Mungu mmoja wa mbinguni. Mishenari akaona hapa pana mlango. Mwaka 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapohapo Golbanti katika shambulizi la wapiganaji wa Kimasai. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza kazi Ngao. Waorma wengi hawakuingia kanisani. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 waliingia Uislamu kwa wingi. Walioingia kanisani ni watu wa mtoni, waliokuwa wakiwavusha wengine kwa mitumbwi yao. Vita viwili vya dunia vikawaondoa Wajerumani, na kazi yao ikaishia mikononi mwa Wamethodisti.

Ferdinand Würtz, mmoja wa hao wa Neukirchen, alijifunza Kipokomo akakiandika, na Injili ya Marko ikawa miongoni mwa maandiko ya mwanzo kuchapishwa kwa lugha yetu, miaka ya 1890. Nami huwa nawafikiria wale waliosoma kwanza. Hawakuanza na katekisimu ya Utatu. Walifungua Marko, na kabla hawajamaliza sura ya kwanza wakamkuta mtu anashuka mtoni. Anabatizwa. Anapotoka majini mbingu zinapasuka, Roho anamshukia mfano wa hua, na sauti kutoka juu inamwita Mwana mpendwa.

Somo la Utatu lote limo katika aya hizo, 9 mpaka 11. Aliye majini haongei na nafsi yake. Anayesema kutoka mbinguni siye aliyelowa. Anayeshuka siye anayesema. Hata hivyo Marko, mwandishi yule yule ambaye sura ya 12 anaandika kwamba Mungu ni mmoja, haoni kwamba amejipinga. Lilichofanya Kanisa katika miaka 300 iliyofuata ni kukataa kuifuta aya yoyote kati ya hizo ili mambo yawe mepesi.

Maana njia nyepesi zilikuwepo, na bado zipo. Iko inayosema Mungu ni mmoja ila anabadilisha sura: jana alikuwa Baba, akawa Mwana, leo ni Roho. Karne ya 3 ilihubiriwa Rumi na mtu aitwaye Sabellius, na leo iko katika makanisa yanayobatiza kwa jina la Yesu peke yake. Tena iko katika shule zetu za Jumapili kila mwalimu anapowaambia watoto kwamba Utatu ni maji, barafu na mvuke. Barafu ikiyeyuka hakuna barafu tena. Baba hakuyeyuka akawa Mwana, na pale Yordani wote watatu wapo kwa wakati mmoja. Iko na njia ya pili, ya mafiga matatu na chungu kimoja, ambayo nimeisikia mara nyingi vijijini. Mafiga ni mawe matatu. Ukimfundisha mtoto hivyo, umemfundisha miungu watatu wanaosaidiana kazi, na yule mjomba wa jioni atakuwa amesema kweli.

Mfano mmoja nitaupima kwa uangalifu, kwa sababu ni wa Mwafrika na unatuhusu. Tertullian wa Carthage, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo, mwanzoni mwa karne ya 3, ndiye mwandishi wa kwanza wa Kilatini tunayemjua kulitumia neno la Utatu kwa Mungu. Katika kitabu alichowajibia waliosema Baba ndiye Mwana, alitoa mfano wa chemchemi, mto na mfereji. Maji ni yale yale, hayakukatika popote, lakini chemchemi si mto, na mto si mfereji.

Kwa mtu wa Tana mfano huo unaingia bila kuelezwa. Maji yetu yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, yanapita mabwawa ya Seven Forks, yanapita Garissa na Hola, yanatufikia Garsen na kushuka mpaka Kipini, safari ya kilomita zipatazo 1,000. Tunajua kwamba mvua ikinyesha Murang'a, sisi tutalala juu ya mapaa. Tunajua mfereji pia: wazee wetu wanasimulia ule wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi, hata mto mkuu ukaufuata na kumwaga maji baharini mahali pengine. Mtu anayejua kwamba maji ya shamba lake ni maji ya mlima ule ule asiouona, amepata nusu ya alilotaka Tertullian. Yesu anapomgusa mkoma, Marko sura hiyo hiyo ya kwanza, aliyemgusa si mjumbe wa Mungu wa mbali. Ni Mungu mwenyewe aliyefika.

Lakini mfano una mahali unapovunjika, na mwalimu asiyepaonyesha anamdhulumu mwanafunzi. Mto una sehemu. Maji yaliyoko bwawa la Masinga asubuhi hii hayako Garsen asubuhi hii. Mwenye lango la bwawa anaweza kulifunga, na huku chini tukakauka yeye akiwa na maji tele. Ukimwaza Mungu hivyo, Mwana atakuwa kipande cha Baba, kilicho mbali naye, chenye maji machache kuliko yake. Tertullian mwenyewe aliteleza hapo: aliandika kana kwamba Baba ndiye ukamilifu wote na Mwana ni sehemu iliyotoka humo. Kanisa halikumfuata. Lilisema Mwana ana Uungu wote, na Roho ana Uungu wote, na Baba hakupungukiwa kitu.

Mimi nimeona watu wakisaidiwa zaidi na maswali mawili ambayo kila mtoto anayajua. Ukiuliza kuhusu kitu, unauliza ni nini. Ukiuliza kuhusu mwenye akili na mapenzi, unauliza ni nani. Jiwe lina nini, halina nani. Mimi ninayeongea nawe nina nini moja, yaani mwanadamu, na nani mmoja. Sasa mwulize Mkristo juu ya yule anayemwabudu: ni nini? Jibu ni moja tu, ni Mungu, na hakuna mwingine. Mwulize: ni nani? Atakujibu: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Huko kuwa nani ndiko tunakoita Nafsi. Hatusemi miungu watatu ni mungu mmoja, wala nafsi tatu ni nafsi moja. Hayo yangekuwa maneno yanayojipinga na tungestahili kuachwa. Tunasema nini ni moja na nani ni tatu. Ni jambo tusilolikuta kwa kiumbe chochote. Na mimi sioni ajabu kwamba Muumba hafanani na alivyoviumba. Hata Mwislamu ananifundisha hilo.

Wapo watakaokuambia kwamba haya yote yalitungwa na Kaizari Konstantino kule Nikea mwaka 325. Dai hilo nimelisikia Mombasa, nimelisikia Malindi, linarudiwa kwenye mihadhara ya hadharani tangu miaka ya 1980, na mwaka 2025, Nikea ilipotimiza miaka 1,700, lilirudi tena. Halina ukweli. Tertullian aliandika zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea. Hata kabla yake, kama mwaka 112, gavana wa Kirumi aitwaye Plinio, asiyekuwa Mkristo wala rafiki wa Wakristo, alimwandikia Kaizari Trajano kwamba watu hawa hukutana alfajiri wakamwimbia Kristo kama mungu. Gavana huyo alitawala Bithinia, jimbo lenyewe lenye mji wa Nikea. Waliimba hapo karne mbili kabla ya maaskofu kuketi.

Kilichotokea Nikea ni ugomvi wa Waafrika. Arius, kasisi wa Iskandaria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na mkuu kuliko vyote, lakini kiumbe; kwamba ulikuwepo wakati hakuwepo. Athanasius, shemasi wa mji huohuo na baadaye askofu wake, alimkataa. Hoja yake ya ndani haikuwa ya wasomi. Aliuliza: kiumbe atamwokoaje kiumbe mwenzake? Na kama Kristo ni kiumbe na sisi tunamwabudu, je, hatujawa waabudu sanamu? Msikilizaji, sikiliza vizuri hapo. Athanasius alikuwa anaogopa shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kiumbe, kama jirani yetu anavyoiogopa. Maaskofu wapatao 300 wakakubali kwamba Mwana ana uungu ule ule wa Baba.

Ingekuwa ni amri ya ikulu, ugomvi ungeishia hapo. Haukuisha. Mwana wa Konstantino, Kaizari Konstantio, aliwaunga mkono wafuasi wa Arius, na Athanasius akafukuzwa mjini kwake mara tano, akajificha na watawa wa jangwani. Ndipo jambo hili likafika upande wetu wa Afrika. Athanasius alikuwa amemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksum, Uhabeshi. Konstantio akaandika barua kwa watawala wa Aksum kuwataka wamrudishe Frumentius Iskandaria ahojiwe na askofu mpya wa upande wa Arius. Aksum ilibaki na imani ya Athanasius. Mfalme Ezana, aliyekuwa akichapa mwezi kwenye sarafu zake, akachapa msalaba, na liko jiwe lenye maandishi yake ya Kigiriki yanayomtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa hiyo Utatu ulikiriwa Afrika Mashariki karne ya 4, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Krapf kuiona Mombasa. Mtu asituambie ni dini iliyoletwa na meli ya Mzungu. Baraza la Konstantinopoli, mwaka 381, ndilo lililokamilisha maneno juu ya Roho Mtakatifu, na imani tunayoikariri makanisani leo inatoka huko.

Kuna mstari mmoja unaowatesa wahubiri wetu kwenye mihadhara. Biblia za zamani za Kiingereza, katika 1 Yohana 5:7, zina maneno juu ya mashahidi watatu wa mbinguni. Mwenye kuhoji anafungua tafsiri mpya zaidi, anaonyesha kwamba maneno hayo hayamo, kisha anatangaza: Utatu umefutwa! Na Mkristo anafadhaika. Asifadhaike. Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kigiriki. Msomi Erasmus hakuyaweka alipochapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, akayaingiza baadaye mwaka 1522. Waliokutana Nikea hawakuyategemea. Waliokiri Utatu hawakuupata katika mstari huo, na kuondoka kwake hakuondoi kitu. Mhubiri anayeogopa ukweli wa Biblia yake mwenyewe atamteteaje Mungu wa ukweli?

Vivyo hivyo na mistari mingine migumu. Yesu anasema hajui siku wala saa, Marko 13:32. Anasema Baba ni mkuu kuliko yeye, Yohana 14:28. Anaomba, analala usingizi, anaona njaa. Mistari hiyo hatukuifumbua kwa msaada wa mpinzani. Arius aliishika yote mkononi. Jibu la Kanisa, lililowekwa wazi Kalkedoni mwaka 451, ni kwamba Mwana alitwaa ubinadamu mzima, wenye mwili unaochoka na akili inayojifunza, bila kuuacha Uungu wake. Mwenye kuona jibu hilo ni gumu ana haki yake. Ni gumu. Ila halikutungwa kukwepa Maandiko. Lilitungwa na watu waliokataa kuuacha mstari hata mmoja.

Sisi Wamethodisti tuna urithi wa pekee katika jambo hili, na sidhani tumeutumia. Mwaka 1775 John Wesley, mwasisi wetu, alihubiri juu ya Utatu kwa kuchukua huo huo mstari wa 1 Yohana 5:7, akijua kabisa kwamba unabishaniwa. Katika mahubiri yale alitenga mambo mawili. Kwamba Mungu ni watatu na mmoja, hilo alisema analiamini kwa sababu limefunuliwa. Namna linavyokuwa, hilo alisema halijui, na hakutakiwa kuliamini kwa sababu halikufunuliwa. Maneno Utatu na Nafsi aliyatumia kwa kuwa hakuona bora kuliko hayo, lakini alisema hatamlazimisha mtu mwenye shaka nayo kuyatamka. Akamkumbuka Servetus, aliyechomwa moto Geneva mwaka 1553 kwa sababu ya mafundisho yake juu ya Utatu, na kitendo kile alikichukia. Hapo Wesley ananifundisha namna ya kuongea na jirani. Jambo tunalisimamia. Kumchoma mtu kwa ajili yake, kwa moto au kwa ulimi, hapana.

Hapa Tana tunaujua moto. Kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013, Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao, tulizika zaidi ya watu 100 waliouawa katika mapigano, Wapokomo na Waorma, watoto na akina mama wakiwemo. Chanzo kilikuwa ardhi, malisho, maji na siasa. Utatu na Tauhidi havikuwa na sehemu. Lakini nauliza swali la Mkristo kwa Wakristo wenzangu. Tunasema, kwa Waraka wa kwanza wa Yohana sura ya 4, kwamba Mungu ni upendo. Kabla ya ulimwengu kuwepo, alimpenda nani? Imani ya Utatu inajibu: Baba alimpenda Mwana, kama Yesu anavyosema katika Yohana 17:24, na upendo huo haukuwa mpweke siku yoyote. Mungu hakuanza kupenda alipopata mtu wa kupenda. Agostino wa Hippo, Mwafrika mwingine, alitumia miaka mingi akiandika juu ya hilo, vitabu 15, na bado alisema hajafika mwisho. Ukilikiri hilo Jumapili, kisha Jumatatu ukaona ni sawa Mworma afe na ng'ombe wake, ulichokikiri ni kingine.

Nimalizie kwa habari ambayo Waislamu mnaijua kuliko sisi. Vitabu vya sira, yaani maisha ya Mtume, vinasimulia kwamba mwaka 615 hivi, Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, Mtume Muhammad aliwatuma wakimbilie Uhabeshi. Mfalme waliyemkimbilia, Najashi, alikuwa Mkristo wa Kanisa lile la Frumentius, Kanisa la Utatu. Jaafar bin Abi Talib, msemaji wao, alisomewa mashtaka mbele yake, naye akasoma aya za Sura ya Maryam, mfalme na maaskofu wake wakalia. Walipoulizwa kuhusu Isa, Waislamu hawakuficha wanachoamini. Mfalme hakuwatoa kwa washtaki wao. Waislamu mnasema baadaye alisilimu. Hilo sitabishana nalo hapa. Ninalolishika ni kwamba swali kama letu la jioni liliulizwa zamani katika pembe hii ya Afrika, mbele ya mfalme mwenye uwezo wa kuwaua wageni wake, na wageni wakaondoka salama.

Kwa hiyo nina maombi. Wachungaji na walimu wa shule za Jumapili, kuanzia Golbanti mpaka Hola, msiikwepe Jumapili ya Utatu mwaka huu. Acheni barafu na mafiga. Someni Marko sura ya kwanza kwa sauti, kwa Kipokomo kama mnacho, na sentensi ya kwanza ya mahubiri iwe kwamba Mungu ni mmoja. Wazazi, mtoto akiuliza, msimwambie ni dhambi kuuliza. Na wewe ndugu yangu Mwislamu, siku utakapomwuliza Mkristo swali hili akashindwa, usimcheke. Mwambie aende akaulize, kisha arudi akujibu. Na wewe Mkristo uliyeshindwa, nenda kaulize. Kisha rudi.